Protoni ikigonga kiini: uchague vipimo vya shabaha tuli, vya LHC, au vya manyunyu ya angani?

Msimu wa kuandika mapendekezo ya mradi ukifika, wanafunzi wa fizikia wanaopenda chembe ndogo huja na sentensi moja: "Nataka kufanya kitu cha CERN." Hiyo ni anwani ya maabara kubwa ya fizikia ya chembe iliyoko Ulaya, si mada. Ndani ya anwani hiyo mna njia mbili za kupima, ya shabaha tuli (protoni inagonga kitu kilichosimama) na ya LHC (kichapuzi kikubwa kinachogonganisha miale miwili), zinazotofautiana sana, kiasi kwamba matokeo ya moja huwezi kuyaweka ubavuni mwa matokeo ya nyengine mpaka kwanza uyafanyie kazi. Na ipo njia ya tatu, ya manyunyu ya chembe kutoka angani, isiyohitaji CERN kabisa, inayoweza kufanyika juu ya paa la jengo lolote la Michenzani.

Ninazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu aliyeko Zanzibar: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho pale SUZA Tunguu, mwalimu wa skuli anayetaka kuanzisha klabu ya sayansi, au kijana wa Wete aliyemaliza kidato cha sita na mwenye kompyuta ya kuazima. Ninakoegemea nitapasema wazi.

Kinachopimwa

Protoni yenye nishati kubwa ikikigonga kiini cha atomi, hutoka chembe mpya ambazo hazikuwemo ndani kabla. Nyingi ni pioni, chembe nyepesi za muda mfupi, zikifuatiwa na kaoni, jamaa zao wazito zaidi, protoni zilizong'olewa, antiprotoni chache na nyenginezo. Kazi ya mpimaji ni kujua ngapi zimetoka, za aina gani, kwa pembe gani na kwa momenta gani.

Mtu atauliza kwa nini tusikokotoe tu kwa karatasi na kalamu. Nadharia ya nguvu kali tunayo na inafanya kazi vizuri pale chembe zinapogongana kwa kishindo kikubwa na kutawanyika kwa pembe pana. Lakini pioni nyingi huzaliwa katika migongano ya upole, na hapo hesabu za nadharia hukataa kufungika. Hubaki mifano ya kompyuta kama EPOS na PYTHIA, na mifano hiyo hurekebishwa kwa kulinganishwa na vipimo. Vipimo vikiwa dhaifu, mfano nao ni dhaifu.

Wenye haja na vipimo hivi ni makundi matatu. Wapo wa nyutrino, chembe zisizo na chaji na karibu hazina uzito, ambao hutengeneza mwale wao kwa kupiga protoni kwenye kipande cha grafiti na kuziacha pioni zioze, yaani zigeuke kuwa chembe nyengine. Wapo wa miale ya angani, ambao protoni zao hugonga naitrojeni na oksijeni ya hewa. Na wapo wanaogonganisha viini vizito kwa viini vizito, ambao huhitaji mgongano wa protoni na kiini kama kipimo cha kuchungia. Hawa wa tatu walipata faida kubwa mwaka 2003 kule RHIC, kichapuzi cha Marekani: deuteroni (protoni na nyutroni zilizoshikana) zilipogongana na dhahabu, chembe zenye momenta kubwa hazikupungua kama zilivyopungua katika dhahabu kwa dhahabu. Ikajulikana kuwa upungufu ule unatokana na kitu cha moto kilichoundwa na mgongano, wala hautokani na kiini kilivyokuwa kabla.

Nishati, inayowadanganya wengi

Katika shabaha tuli, protoni inakwenda na kiini kimesimama. Sehemu kubwa ya nishati hutumika kukisukuma mbele kila kilichotoka, na inayobaki kwa ajili ya kuunda chembe mpya hukua kwa kipeuo cha pili tu cha nishati ya mwale. Ukitupa protoni ya GeV 31 (GeV ni kipimo cha nishati, na TeV ni GeV 1,000), nishati ya kuundia chembe kwa kila jozi ya nyukleoni, yaani protoni au nyutroni, ni GeV 7.7. Ukipanda hadi GeV 158, unapata GeV 17.3. Hata ukichukua protoni ya LHC yenye GeV 6,500 ukaigongesha kwenye gesi iliyotulia, unapata GeV 110 tu.

LHC inagonganisha uso kwa uso. Mwaka 2013 protoni za TeV 4 ziligongana na viini vya risasi na kutoa TeV 5.02 kwa jozi ya nyukleoni. Ungetaka kuipata nishati hiyo kwa shabaha tuli, ungehitaji protoni ya GeV milioni 13 na ushei. Mashine ya kuzalisha protoni hiyo haipo duniani. Angani zipo, na zinatupiga kila siku.

Hapo msomaji husema LHC imeshinda. Haijashinda, imeshinda kwenye nishati tu. Mtu wa nyutrino wa jaribio la T2K, kule Tokai, Japani, anatumia protoni za GeV 30. Kumpelekea kipimo cha TeV 5.02 ni kumpa jibu la swali ambalo hakuuliza.

Kigunduzi kinaona wapi

Hapa ndipo penye tofauti kubwa, na ndipo ningependa mwanafunzi akae muda mrefu kuliko kwengine kote.

Fikiria watoto wanapukuta zambarau na chini wametandika mkeka mmoja. Zilizoangukia mkekani utazihesabu moja moja, lakini idadi ya zilizoanguka kutoka mti mzima huijui mpaka ujue mkeka umefunika sehemu gani. Kila kigunduzi ni mkeka, na kila kimoja kimetandikwa pake.

Kigunduzi cha ALICE, kimojawapo cha LHC, kimeuzunguka mrija wa mwale kwa katikati. Chumba chake kikubwa cha gesi, chenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 5, hunasa vizuri chembe zinazotoka kwa pembe kati ya nyuzi 44 na nyuzi 136 kutoka kwenye mwale. Hapo kinaona kwa umahiri wa hali ya juu, mpaka chembe za momenta ndogo sana. Lakini sehemu kubwa ya nishati ya mgongano haiendi huko. Inakwenda mbele, ikikaribiana na mrija wenyewe, na nyingi hubaki ndani ya mrija. LHCb, kigunduzi chengine cha LHC, inaona mbele zaidi, kutoka kama nyuzi 15 hadi chini ya nyuzi 1, kwa upande mmoja. LHCf, vifaa vidogo vilivyowekwa mita 140 kutoka panapogongania miale pale kwenye kigunduzi cha ATLAS, vinaona moja kwa moja mbele, ila nyutroni na fotoni tu, maana chembe zenye chaji zimeshapindishwa na sumaku za kichapuzi. Ukivijumlisha vyote bado pana mapengo.

Kwenye shabaha tuli mambo yanageuka. Kila kitu kinasukumwa mbele katika koni nyembamba, kwa hiyo unaweka vigunduzi mbele na vingi vinanaswa. Jaribio la NA61/SHINE, kwenye kichapuzi cha SPS hapo hapo CERN, lina vyumba vya gesi ndani ya sumaku mbili kubwa na vyengine nyuma yake, pamoja na kuta za kupimia muda wa safari. Vipimo vyake vya protoni za GeV 31 kwenye kaboni vinafika miliradiani 420, yaani nyuzi 24, na hilo linafunika karibu eneo lote ambalo watu wa T2K wanalihitaji. Chembe inatambulishwa kwa namna mbili: inavyopoteza nishati ndani ya gesi, na muda inaochukua kufika ukutani. Pioni na protoni zenye momenta sawa hazifiki pamoja.

Kwa mwanafunzi tofauti hii ina maana ya vitendo. Ukitaka kujibu "kwa wastani pioni ngapi hutoka kwa kila mgongano", shabaha tuli itakupa jibu kwa kujumlisha jedwali na kuziba pengo dogo. Kwa LHC utajibu "ngapi hutoka katikati", na hizo nyengine utazikisia kwa mfano wa kompyuta. Makisio hayo si dhambi, mradi uyaandike kuwa ni makisio.

Pana na mtego mdogo wa LHC ambao vitabu vya kiada havisemi. Miale yote miwili inapindishwa na sumaku za aina moja, kwa hiyo risasi, yenye protoni 82 kati ya nyukleoni 208, hupata kwa kila nyukleoni sehemu ya 82/208 tu ya nishati ya protoni. Mgongano wenyewe basi unasogea kuelekea upande inakokwenda protoni, kwa rapiditi (kipimo cha mwendo wa kuelekea mbele) ya 0.465. Katikati ya kigunduzi si katikati ya mgongano. Anayechora grafu ya p-Pb (protoni kwa risasi) juu ya grafu ya protoni kwa protoni bila kuisogeza amelinganisha vitu viwili visivyofanana.

Swali la zamani lililojibiwa na pande zote mbili

Miaka ya 1970 kule Fermilab, Wit Busza na wenzake walifanya jaribio la E178. Vigunduzi vyao vilikuwa vya Cherenkov, vinavyoona mwanga unaotolewa na chembe za kasi, havikuchora njia ya chembe wala kupima momenta. Vilihesabu tu chembe zenye chaji na mwendo wa karibu na wa mwanga, kutoka kwenye shabaha za vipande vya elementi mbalimbali, kwa miale ya GeV 50, 100 na 200. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka: protoni ikipita kwenye kiini cha risasi na kugonga nyukleoni tatu au nne njiani, je, idadi ya chembe huongezeka mara tatu au nne?

Haiongezeki hivyo. Waliona inakwenda kwa nusu ya moja jumlisha idadi ya migongano, yaani migongano mitatu na nusu inatoa chembe mara mbili na kidogo. Mwaka 1976 Białas, Bleszyński na Czyż wakaipa hali hii sura ya hesabu: kila nyukleoni iliyojeruhiwa hutoa mchango wake mara moja, haijalishi imepigwa mara ngapi. Protoni inayoingia ni mjeruhiwa mmoja hata ikigonga wanne, na hao wanne ndani ya kiini ni wajeruhiwa wanne. Jumla watano, dhidi ya wawili katika mgongano wa protoni kwa protoni. Sababu iko kwenye muda. Pioni haiwi pioni papo hapo. Inachukua muda kuumbika, na kwa mwendo ule muda huo hurefuka hadi kilichotoka kinakuwa kimeshatoka nje ya kiini. Ndani ya kiini hamkuwa na pioni za kuendelea kugonga na kuzaa nyengine.

Septemba 2012 LHC iligonganisha protoni na risasi kwa mara ya kwanza, kwa saa chache za majaribio. Saa hizo chache zilitosha. ALICE ikapata chembe 16.81 zenye chaji kwa kila kipimo kimoja cha pembe pale katikati, shaka ikiwa 0.71, na makadirio ya nyukleoni 7.9 zilizoshiriki. Gawa, upate kama 2.1 kwa kila mshiriki. Fikra ya majeruhi ya mwaka 1976 bado inashika njia kwa nishati iliyopanda mara mia kadhaa, ingawa kwa undani zaidi inahitaji kurekebishwa. Data za saa hizo hizo ziliipa CMS, kigunduzi chengine cha LHC, mshangao wake: katika migongano yenye chembe nyingi, chembe zilizoachana mbali kando ya mwale zilionekana kupangana upande mmoja, jambo ambalo wengi walilitarajia kwenye viini vizito tu.

Kama unatafuta mada yenye historia, hesabu nyepesi na data za pande zote mbili, hii hapa. Ningeichukua mimi lau ningekuwa mwanafunzi leo.

Ila usiende kichwa kichwa kwenye kugawa migongano kwa "iliyogonga katikati ya kiini" na "iliyopapasa pembeni". Katika risasi kwa risasi, wingi wa chembe unaonesha vizuri ni ya namna gani. Katika protoni kwa risasi hauoneshi vizuri, kwa sababu hata mgongano mmoja wa protoni kwa protoni unaweza kwa bahati kutoa chembe nyingi sana. Ukichagua kwa wingi wa chembe, umechagua bahati pamoja na ukatikati, na kisha unashangaa kuona chembe nyingi. ALICE ilihangaika na jambo hili, ikageukia kuhesabu nyutroni zinazotoka upande wa kiini, zaidi ya mita mia moja kutoka kwenye mgongano. Watu wa sahani za emulshani walikuwa wakifanya jambo la jamaa moja zamani: kuhesabu alama za kijivu, yaani protoni za mwendo wa wastani zilizong'olewa kwenye kiini.

Na emulshani yenyewe je? Ni sahani nene za picha, zile alizotumia Cecil Powell kuigundua pioni mwaka 1947. Usahihi wake wa kuonesha mahali ni chini ya mikroni moja, mpaka leo ni vigumu kuushinda. Lakini kusoma sahani bila mashine maalumu ni kazi ya darubini na macho, miezi kwa miezi. Isome kwenye historia, usiichague.

Shabaha nyembamba, shabaha nene, na gesi

Ukishaamua shabaha tuli, bado kuna kuchagua. NA61 ina vipimo vya kipande cha grafiti cha sentimita 2, ambacho ni asilimia 4 tu ya urefu ambao protoni husafiri kabla ya kugonga. Yaani protoni nyingi zinapita salama, na zile zinazogonga zinagonga mara moja. Ni kipimo safi cha mgongano mmoja. Kisha ina vipimo vya nakala ya shabaha halisi ya T2K, fimbo ya grafiti ya sentimita 90, karibu mara mbili ya urefu wa kugonga. Humo pioni zilizozaliwa mwanzoni hugonga tena mbele. Huwezi kusoma fizikia ya mgongano mmoja humo, lakini ndicho kinachotokea kweli Tokai. Vipimo vya fimbo vilisaidia kushusha shaka ya wingi wa nyutrino za T2K kutoka kama asilimia 10 hadi kama 5. Wa fizikia ya msingi achukue kipande chembamba. Wa matumizi achukue fimbo. Ukichukua vyote viwili kwa mradi mmoja wa muhula, utamaliza kimoja vibaya.

Data za jaribio la HARP, zilizokusanywa CERN mwaka 2001 na 2002 kwa miale ya GeV 1.5 hadi 15, zinafaa kwa anayetaka kulinganisha viini vingi, kuanzia vyepesi kama berili hadi vizito kama risasi.

Njia ya katikati ni ya LHCb. Kulikuwa na kifaa cha kuingiza gesi kidogo ndani ya mrija, kusudi kupima upana wa miale. Wakagundua kuwa gesi ile ni shabaha tuli tayari, na protoni za LHC zinapita bure. Wakaingiza heli, neoni, agoni. Mwaka 2018 wakatoa vipimo vya antiprotoni kutoka protoni kwa heli kwa nishati ya GeV 110, kitu ambacho watu wa kigunduzi cha AMS, kilichoko kwenye kituo cha anga tangu 2011, walikihitaji sana kujua kama antiprotoni wanazoziona zinatokana na migongano ya kawaida baina ya nyota. Ni data nzuri, ila ni ya chembe chache maalumu. Kwa mradi wa kwanza ni nyembamba mno.

Njia ya paa la nyumba

Protoni ya angani inagonga kiini cha hewa juu, kilomita 15 au 20 kutoka chini, pioni zinazaliwa, zinaoza, na myuoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, zinatufikia. Usawa wa bahari hupita kama myuoni moja kwa kila sentimita ya mraba kwa kila dakika. Zinapita kwenye bati, zege na kuta za mawe za Mji Mkongwe. Kipande cha plastiki maalumu kinachotoa mmweko wa mwanga, kihisi cha mwanga, na saketi ndogo vinatosha kuzihesabu. Muundo wa CosmicWatch, uliochapishwa kwa ajili ya wanafunzi, unagharimu kiasi cha dola 100 za vifaa.

Zanzibar ina faida yake hapa. Tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta sumaku ya dunia inazizuia zaidi protoni zinazotokea mashariki kuliko zinazotokea magharibi. Bruno Rossi alikwenda Asmara mwaka 1933 kwa ajili hiyo hiyo. Akaona nyingi zinatokea magharibi, akathibitisha kuwa miale ya angani ina chaji chanya. Kule kuna mwinuko wa zaidi ya mita 2,300. Kwetu usawa wa bahari tofauti ni ndogo na inataka subira, lakini vipande viwili vya plastiki vikiinamishwa upande mmoja kisha upande wa pili, ni jaribio la kweli.

Jengine lipendezalo ni mgandamizo wa hewa. Ukanda wa ikweta, mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kilele kikiwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, kwa tofauti ya hektopaskali 2 au 3. Hewa ikiwa nzito, myuoni hupungua kidogo sana, sehemu ya asilimia moja. Kigunduzi cha sentimita za mraba 25 kwa hesabu ya juu juu kinahesabu chini kidogo ya myuoni 36,000 kwa siku, na bahati nasibu peke yake inaipeperusha hesabu hiyo kwa nusu asilimia. Kwa hiyo siku moja haitoshi, fikiria miezi. Na miezi ya kuhesabu mfululizo inataka umeme wa uhakika. Unguja ilikaa bila umeme kama mwezi mmoja mwaka 2008, na karibu miezi mitatu kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010. Hali imebadilika tangu hapo, lakini betri na paneli ndogo ya jua si anasa. Chumvi ya pwani nayo huzila saketi, kwa hiyo kisanduku kifungwe barabara.

Sasa ukweli wenyewe: njia hii haipimi uzalishaji wa chembe katika protoni kwa kiini. Inapima mabaki ya mwisho. Mgongano wa kwanza huuoni, wala hujui kama aliyegonga alikuwa protoni, heli au chuma. Hata kituo cha Pierre Auger, kule Argentina, yenye matangi kama 1,600 ya lita 12,000 za maji kila moja, yaliyotapakaa kwenye kilomita za mraba 3,000 (ukubwa unaozipita Unguja na Pemba zikiunganishwa), inaona myuoni nyingi kuliko zinazotabiriwa na mifano, na chanzo chake bado kinatafutwa. Kwa sababu hiyo wenye miale ya angani waliisubiri kwa hamu kazi ya LHC ya katikati ya mwaka 2025, protoni zilipogonganishwa na oksijeni kwa mara ya kwanza. Oksijeni ni hewa. Risasi si hewa.

Kwa hiyo nani achukue nini

Mwalimu wa skuli mwenye klabu achukue plastiki na myuoni, bila kusita. Vijana watashika kitu kwa mikono, watagombana na kelele za saketi, na watajifunza takwimu bila kujua kuwa wanajifunza takwimu. Wakikolea, liko shindano la CERN la Beamline for Schools, lililoanza 2014, ambapo timu za skuli hupendekeza jaribio la kufanywa kwenye mwale halisi. Pendekezo la shabaha mbili nyembamba za metali tofauti halihitaji pesa kuliandika.

Mwenye kupenda kuandika programu na msimamizi anayejua anachokifanya anaweza kuchukua majedwali ya ALICE ya p-Pb, aendeshe PYTHIA au EPOS kwenye kompyuta yake, na aone mfano unavunjikia wapi. Ahakikishe tu kuwa "chembe ya msingi" anayoihesabu kwenye mfano ni ile ile waliyoihesabu wao. Pioni inayotoka kwenye chembe ya lambda iliyooza haihesabiwi, na mfano wa kompyuta utakupa zote usipouambia. Asipakue data ghafi za migongano. Ni mafaili makubwa yanayomaliza bando, na muhula utaisha akiwa bado anaweka programu.

Kwa mwanafunzi wa Tunguu mwenye muhula mmoja, na kwa yule kijana wa Wete mwenye kompyuta ya kuazima, jibu langu ni shabaha tuli: protoni za GeV 31 kwenye kaboni, NA61, data za mwaka 2009, kipande chembamba. Majedwali yako wazi kwenye HEPData, hifadhi ya mtandaoni ya vipimo, ni maandishi matupu ya kilobaiti chache, yanafunguka hata kwenye programu ya kawaida ya mahesabu. Chembe zimeshatambulishwa, msingi wa shaka umeandikwa safu kwa safu, na hesabu za chembe zisizotoka kwenye shabaha, zilizopimwa shabaha ikiwa imeondolewa kwenye mwale, zimeshatolewa. Sura ya kwanza ya mradi, jumlisha upate wastani wa pioni chanya na hasi kwa mgongano. Sura ya pili, zilinganishe na mfano mmoja wa kompyuta, pembe kwa pembe. Ukibakiwa na muda, ongeza swali la majeruhi la mwaka 1976.

Angalia vipimio kabla ya kuanza. Namba za jedwali ni milibarni (kipimo cha eneo dogo sana) kwa radiani kwa GeV/c, siyo idadi ya chembe. Kila kisanduku kizidishwe kwa upana wake wa pembe na upana wake wa momenta, kisha jumla igawanywe kwa milibarni 230.7, eneo la mgongano wa uzalishaji walilopima wenyewe. Upana wa visanduku haulingani. Mwishoni mwa momenta ni mipana zaidi. Anayejumlisha safu moja kwa moja hupata namba inayopendeza macho na isiyo na maana yoyote.